Milima Mitatu ya Nao Shoua

Mume wangu aliletwa nyumbani kwa helikopta. Akiwa hai hakuwahi kupewa heshima hiyo. Kila alipopata ruhusa alitembea kwa miguu siku mbili kutoka walikomweka mpaka kijijini kwetu, na siku mbili nyingine za kurudi, kwa hiyo katika likizo ya siku tano mimi nilipata moja. Sasa amekufa, ndipo walipoionea huruma miguu yake. Helikopta ilimshusha kwenye uwanja wa ndege kule bondeni, mwendo wa saa mbili chini yetu, na wenzake wanne wakampandisha kwenye machela.

Jina lake Nao Shoua, wa ukoo wa Moua. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Risasi ilimpata shingoni.

Nililia. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaodhani kwamba mwanamke mbishi halii. Nililia mpaka sauti ikanikauka, kisha nikamwosha, nikamvisha nguo za katani nilizozifuma mwenyewe, nikakata kila kifungo cha chuma kisije kikamlemea njiani. Ngoma ikatundikwa. Mpiga zumari akaanza kuzunguka chini yake, na mama mkwe wangu akaketi kichwani pa mwanawe na pepeo la majani, akifukuza nzi. Hakuinuka hapo tena ila kwa haja.

Kisha akaja Baba mkubwa Chia Ger, kaka yake marehemu baba mkwe. Yeye ndiye mwelekeza njia wetu. Mtu akifa, Chia Ger hukaa karibu na sikio lake na kumwimbia njia ya kurudi, kituo kwa kituo, kuanzia alipoishi mwisho mpaka alipozaliwa. Kila mahali alipolala na kunywa maji, marehemu husimama akawashukuru wenyewe wa mahali hapo, mizimu ya mto na ya kuni, halafu huruhusiwa kupita. Mwisho hufika kwenye nyumba aliyozaliwa, ambako kondo lake la nyuma limezikwa chini ya nguzo ya kati. Hilo ndilo shati lake la kwanza. Analivaa, ndipo anapoweza kwenda kwa mababu. Ukiruka kituo kimoja amekwama hapo, na hakuna wa kumkwamua.

Chia Ger alikuwa mtu wa hasira fupi na kiko kirefu. Aliketi, akamweka magotini jogoo wa kumtangulia marehemu njiani, akasema, "Haya, Kia. Alilala wapi tangu mavuno ya mwaka juzi?"

"Hapo uwanjani miezi miwili," nikasema.

"Halafu?"

"Sijui, Baba mkubwa."

"Hujui? Mke mzima hujui mumeo alikolala? Afadhali ungesema alilala kwa mwanamke mwingine, hata huyo ana kijiji."

"Walikula kiapo. Nikimuuliza alikuwa ananiambia nimwongezee chumvi kwenye chakula."

Akawageukia wale wanne waliombeba. Mkubwa wao alikuwa Pha Tong, rafiki wa mume wangu tangu utotoni, mrefu, mwenye meno ya kucheka hata msibani. "Nyinyi mlikuwa naye. Wapi?"

Pha Tong akatazama wenzake. "Vituo vitatu, Baba mkubwa. Cha kwanza sabini na mbili. Cha pili mia na nane."

"Sabini na mbili nini?"

"Ndiyo jina lake. Namba."

"Namba?" Chia Ger akatoa kiko mdomoni. "Nimwambie mtu ashukuru namba? Namba ina mto? Namba ina mwenyewe? Na cha tatu?"

"Cha tatu hata namba hakina."

"Hamkuwauliza wenyeji?"

"Wenyeji walikuwa wameshakimbia. Tuliowakuta walikuwa wanatupiga risasi."

"Basi mngewauliza hao!" Chia Ger akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza haraka alipoona uso wangu.

Walipelekwa kwa helikopta juu ya mawingu, wakashushwa juu ya kilele, wakachimba mahandaki, wakapigana, wakachukuliwa tena. Mwaka mmoja na nusu wa maisha ya mume wangu ulikuwa juu ya milima mitatu, na hakuna aliyejua inaitwaje.

Chia Ger akamshusha jogoo. "Siimbi," akasema. "Sijui kumwongoza mtu nisikokujua. Nikimwanzisha atakwama, halafu atarudi kuuliza nani alimpoteza."

Hapo akaingia shemeji yangu Nao Za, mdogo wa mume wangu, ambaye tangu asubuhi ile ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba, na ukubwa ulikuwa unampwaya. "Baba mkubwa, si useme tu milima ile ya kaskazini? Mizimu si ina akili?"

"Nikikualika chakula," akasema Chia Ger, "ukaniuliza nyumba iko wapi, nikakwambia iko kule kwenye nyumba, utafika?"

Nao Za akarudi mlangoni.

Mama mkwe hakuacha kupepea. Alisema bila kuinua kichwa, "Kia, nenda kamwulize aliyemtuma."

Nikashuka.

Kapteni Boua Fue hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wetu, wa ukoo wa Thao, aliyezaliwa migongo miwili ya mlima kutoka kwetu. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja, na nyuma yake ukutani ramani ilikuwa imefunikwa kwa blanketi. Alisimama aliponiona. Hilo nitampa, alisimama.

"Pole, shemeji. Nao Shoua alikuwa mtu."

"Alikuwa. Sasa anataka kwenda nyumbani. Nipe majina ya milima mitatu, niondoke."

Nilimweleza. Hakuhitaji kuelezwa, lakini nilimweleza. Alisikiliza akikuna kidevu, kisha akasema kwa ile sauti ambayo wanaume huitumia wakiwa wameshakataa.

"Hizo ni siri, shemeji. Hata sisi tumekula kiapo. Rasmi hakuna mtu aliyekwenda huko. Rasmi hakuna vita."

"Basi rasmi mume wangu hajafa. Nirudishie."

Nje ndege ilikuwa inapasha injini, na mabati yote yalikuwa yanatetemeka.

"Mzike," akasema baadaye. "Leo siku ya pili, na jua unaliona. Mzee Chia Ger aimbe anayoyajua. Na nikushauri kama ndugu: mchele unadondoshwa na ndege wiki hii. Kijiji chenye makelele hakikai kwenye orodha."

"Unanitisha na mchele?"

"Nakwambia ulivyo ulimwengu."

"Ulimwengu nimeuosha jana," nikamwambia, "una tundu shingoni."

Nilipanda mlima, na njiani nilikuwa namtukana kwa sauti, mbuzi wakinitazama. Nyumbani niliwapa habari. Nao Za akashika kichwa. Miaka mitatu sasa mashamba yetu ya juu yalikuwa hayalimiki kwa mabomu, na kijiji kizima kilikuwa kinakula magunia yaliyoangushwa na ndege. Watoto wa mwisho kuzaliwa walikuwa hawajui mpunga unavyoota.

"Shemeji," akasema Nao Za, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Wewe busu. Mdomo wangu una kazi nyingine."

"Na watu wakifa njaa?"

Alikuwa anasema kweli, na nilijua anasema kweli. Lakini nilimtazama Nao Shoua amelala pale, uso wake umeanza kubadilika rangi, na nikajua kwamba nikimfukia vile, nitakuwa namsikia amesimama juu ya kilima kisicho na jina, haruhusiwi kupita, mpaka nami nife. Sikuweza. Nilisema, "Hazikwi."

Siku ya tatu ikapita. Siku ya nne harufu ilikuwa imetoka nje ya nyumba. Tulichoma majani, mpiga zumari akafunga kitambaa puani na bado alikuwa anapuliza, Mungu ambariki yule mtu. Hakuna aliyezungumzia harufu. Mama mkwe alikuwa anapepea palepale.

Asubuhi hiyo nilitoa gunia la mchele tulilobakiwa nalo, la kilo hamsini, halijafunguliwa, nikalifunga mgongoni kwa kamba ya paji la uso.

"Unalipeleka wapi?" akauliza Nao Za.

"Kwa wenyewe. Tulikula mahindi kabla mchele haujajifunza kuruka."

Nilidhani nitakwenda peke yangu. Nilipofika kwenye kona ya mto nilisikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa jirani, mke wa mtu aliyekufa msimu wa mvua uliopita na kuzikwa haraka haraka, kwa nusu ya njia. Naye alikuwa na gunia. Hakuniambia neno. Nyuma yake walikuwa wengine, na tulipofika bondeni tulikuwa wanawake kumi na mmoja na magunia kumi na moja, na wanne kati yetu walikuwa na watoto vifuani.

Hatukuyapeleka kibandani. Tuliyapanga katikati ya uwanja wa ndege, mstari mmoja, kutoka ukingo huu karibu mpaka ukingo ule, tukayakalia.

Askari kama thelathini walikuwa wameketi kivulini na mizigo yao, wakisubiri kupelekwa. Pha Tong alikuwa miongoni mwao. Kapteni alitoka mbio, kofia mkononi.

"Kia! Ondoeni hayo! Helikopta zinakuja!"

"Zitafute pengine pa kutua. Kwenye orodha yako pa kutua ni pengi, si una namba zote?"

"Nitawaburuta!"

"Umburute nani, Kapteni? Huyu ni shangazi yako."

Ilikuwa kweli. Wa tatu kutoka kwangu alikuwa shangazi yake mdogo, dada wa baba yake, aliyeolewa kijijini kwetu. Akasema, "Hujambo, Boua Fue. Umekonda. Huli mchele?"

Askari walicheka. Kapteni akawageukia na kuwafokea wasimame, wapange foleni, mizigo mgongoni. Walisimama. Halafu Pha Tong akatoka mbele hatua moja.

"Afande, leo tunakwenda wapi?"

"Mia na ishirini na moja. Unajua."

"Namba najua, afande. Jina."

"Jina la nini?"

"La mlima."

Pha Tong hakuwa anacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona ameficha meno.

"Afande, mimi siogopi kufa. Hapa kila mtu kashazoea. Naogopa kulala kama Nao Shoua, siku nne nanuka, mama yangu ananipepea, na mzee anauliza nimetoka wapi na hakuna anayejua. Niambie jina la mlima, nitapanda hata sasa hivi. Bila jina, sipandi."

Akaketi chini. Mtu wa pili akaketi. Kisha wote, na mizigo yao mgongoni, kama watu wanaongoja chakula.

Mmarekani alitoka kibandani. Alikuwa mmoja tu, mwenye helikopta na mchele, tulimwita Bwana Miwani, hakuwa mtu mbaya, aliwapa watoto peremende na hakujua jina la mtu hata mmoja. Aliuliza kitu. Kapteni akamjibu. Bwana Miwani akatutazama sisi juu ya magunia, akawatazama askari, akaangalia saa, akacheka kidogo na kusema maneno machache, akapiga bega la Kapteni.

Nilimwona Kapteni usoni. Alijivuta kando.

"Anasemaje?" nikauliza.

Angeweza kutudanganya, nani angejua?

"Anasema," akasema Kapteni Boua Fue, "nibuni jina lolote niwape, tuwahi."

Shangazi yake akatema mate kwenye changarawe.

"Jina lolote," akarudia Kapteni, polepole, akiwa anajiambia mwenyewe. Kisha akaingia kibandani. Tulisikia blanketi likiraruliwa ukutani. Akatoka na ramani imekunjwa kwapani, Bwana Miwani akimfuata na kumwita, naye hakugeuka. Akasimama mbele ya askari wake.

"Mlima wa leo ni Phu Sao," akasema kwa sauti ya gwaride. "Chini yake upande wa jua kuchomoza kuna mto Nam Yo. Maji yake yanafaa kunywa. Mmesikia?"

"Tumesikia, afande."

"Rudieni."

Wakarudia, watu thelathini kwa sauti moja, na bonde likarudisha. Phu Sao. Nam Yo. Wakasimama. Tukaondoa magunia kwa haki, kwa sababu makubaliano ni makubaliano.

Kapteni alipanda nasi mpaka kijijini. Alipoingia nyumbani kwetu harufu ilimpiga, akayumba, lakini hakuziba pua. Alipiga magoti mbele ya Nao Shoua, akainama mpaka paji la uso likagusa udongo, mara mbili. Kisha akaketi karibu na Chia Ger, akamnong'oneza sikioni.

"Sauti!" akafoka Chia Ger. "Mimi kiziwi."

Chia Ger alikuwa anasikia panya akiwaza. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, pamoja na Kapteni.

"Sabini na mbili ni Phu Dok," akasema Kapteni. "Mto wake Nam Keng. Mia na nane ni Pha Lai. Hakuna mto, walikuwa wanateka maji kwenye pango."

"Pango lina jina?"

Akafungua ramani. "Tham Nok."

"Na cha tatu?"

Hapo akasita. Akanitazama mimi. "Cha tatu kiko ng'ambo ya mpaka, shemeji. Ni nchi ya watu. Nikikitaja, sijui watanifanya nini."

"Watakufanya nini, wakati rasmi hukwenda?" nikasema.

Mama mkwe wangu akaacha kupepea. Kwa siku nne mkono ule ulikuwa haujasimama, na uliposimama nyumba nzima iligeuka. "Mwanangu Boua Fue," akasema, "nilimjua mama yako. Niambie mtoto wangu alifia wapi."

Akasema. Alisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na watu waliokuwa uani wakasikia: "Khe Lum. Mlima Khe Lum. Mto wake ni Nam Bin. Alikaa siku arobaini na moja, na ndipo alipopigwa. Nilimtuma mimi."

"Ahsante," akasema mama mkwe, akashika pepeo lake tena.

Chia Ger akamwita jogoo, akakohoa, akaanza. Sijawahi kusikia akiimba vile. Alimtoa Nao Shoua Khe Lum, akamwambia ashukuru maji ya Nam Bin na kuni za mlima ule, asiwaogope wenyewe wake japo ni nchi ya watu, kwa maana mgeni aliyeaga vizuri hashikwi na mtu. Akampitisha Pha Lai, akamnywesha pangoni. Akampitisha Phu Dok. Akamshusha uwanjani, akamwingiza humu ndani kwetu, akamwambia aniage. Hapo nilianguka, wakanishika. Kisha akamchukua nyuma zaidi, kijiji kwa kijiji, mpaka nguzo ya kati ya nyumba aliyozaliwa, akamwambia ainame, achimbe, achukue shati lake, alivae.

Nilimwona akilivaa. Asemaye sikumwona na aseme.

Tulimzika alasiri ile.

Gharama yake tuliilipa. Ndege haikutuangushia kitu kwa wiki tisa. Tulikula yale magunia, kisha mahindi, kisha mizizi, na bibi kizee mmoja hakuuvuka msimu ule, na wako walionitupia lawama mpaka leo. Nazipokea. Lakini kutoka siku ile hakuna askari wa bonde lile aliyepanda helikopta bila kuambiwa jina la mlima na mto wake, na wakirudi likizo walikuja kwangu, mmoja mmoja, kunikabidhi majina ya milima yao, kwa kuwa walisema nina kichwa. Pha Tong alinipa tisa. Alikuwa anayahesabu kwa vidole akicheka.

Kapteni naye alikuja. Alinikuta napura mahindi, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa kama mtu wa nyumbani.

"Shemeji, kumbukumbu yako ikoje?"

"Nzuri kuliko kiapo chako."

Akanipa kumi na saba. Alinifanya niyarudie mpaka yakanyooka.

Aliuawa kiangazi kilichofuata. Ukoo wa Thao walinitumia mtu asubuhi, nikaenda, nikaketi kando ya mwelekeza njia wao, nikamtolea milima kumi na saba ya Boua Fue na mito yake yote, bila kusita. Mzee yule akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni ya mpaka mwezi uliopita, mama. Wa mwisho je? Alikofia?"

Huo sikuwa nao.

Nikafunga mkanda wangu, nikashuka uwanjani. Kibanda kilikuwa kilekile. Ramani ilikuwa imefunikwa kwa blanketi jipya, na mezani alikuwapo kapteni mpya, viatu vinang'aa, ambaye hakusimama.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" akauliza. "Mke? Dada?"

"Si mke, si dada," nikasema, nikavuta kiti, nikakaa. "Mimi ndiye ninayejua kote alikolala. Nimepungukiwa mlima mmoja, na siondoki hapa bila jina lake."